Anti, nasoma dini za wenzangu, mjomba anasema nimepotea

Anti shikamoo,

Pole na majukumu. Nimekuwa nasoma majibu yako muda mrefu sijawahi kuandika, leo nimeshindwa kuvumilia maana hata usingizi sipati vizuri.

Mi ni binti wa miaka 21, kwetu Tanga mjini, Ngamiani, saivi nipo Dar chuo mwaka wa pili nasomea ualimu na somo langu moja kubwa ni masomo ya dini. Watu wakisikia hivyo wanadhani nasoma dini yangu kama madrasa, hapana, tunasoma zote, Uislamu, Ukristo, Uhindu, Ubudha, Uyahudi, mpaka ya Masingasinga, zilianzaje, wanaamini nini, wanasali vipi, na watu wa dini tofauti wanakaaje nchi moja wakaelewana. Nimelipenda toka siku ya kwanza, maana kwetu mtaani tumekua na watu wa kila aina lakini nilikuwa sijui chochote kuhusu majirani zetu zaidi ya vyakula vya sikukuu.

Sasa semesta hii lekchara katupa asaimenti, kila mtu aende kuangalia ibada sehemu mbili ambazo sio za dini yake, akae, aangalie, aulize, aandike. Mi nikapangiwa kanisa moja la Kikatoliki na hekalu la Wahindu kule Kisutu. Nikaenda. Hekaluni nikapiga picha ya mlango na zile taa nikaweka status, sikuwaza kitu, binamu yangu kaichukua kampelekea mjomba. Mjomba ndo anayenisaidia ada pale mkopo unapoishia, akanipigia kwa hasira sijawahi kumsikia vile, akasema hakunipeleka chuo nikaabudu masanamu, nibadilishe kozi kabla mwezi haujaisha la sivyo nisimhesabu. Mama yeye analia tu, anasema babu yangu alikuwa mwalimu wa madrasa nitamwambia nini huko alipo.

La pili anti hili sijamwambia mtu. Kanisani Jumapili kwaya ilipoanza nilisisimka mwili mzima. Na hekaluni jioni walipogonga kengele na kuzungusha zile taa kulikuwa na bibi mmoja wa Kihindi akanishika mkono akawa ananieleza taratibu kila kinachofanyika, nikajisikia nimetulia kabisa. Kurudi hosteli nikaanza kuogopa, nikaswali rakaa mbili huku nalia, nikawa najiuliza ndo imani inaondoka hivi? Halafu yule bibi alinipa kitu kitamu cha kula mkononi baada ya ibada, nikaona wenzangu wanakula, mi sikujua kama inafaa, nikafunga kwenye tishu nikasema nitakula nyumbani. Mpaka leo kipo kwenye droo. Sijui nimemkosea Mungu kwa kukipokea au nimemkosea bibi wa watu kwa kutokula.

La tatu. Mimi na rumeti wangu, yeye Mlutheri wa Moshi, tulianzisha grupu la wasapu hapa hosteli la kujadiliana dini, Waislamu na Wakristo, na Ijumaa jioni tunakaa pamoja. Mwanzo lilikuwa zuri sana. Akaingia mtu na klipu za mihadhara, mwingine akajibu na klipu za wachungaji, ikawa kupigana aya tu, Yesu alisulubiwa hakusulubiwa, Mungu mmoja watatu, mpaka wakafika kubishana Tanzania dini ipi ina watu wengi. Rumeti alitumiwa maneno ya kumdhalilisha na mtu wa upande wangu na mi nilikuwa online sikusema kitu. Toka hapo tunasalimiana kama wapangaji.

Nibadilishe kozi? Nifunge grupu? Na hili la moyoni nifanyeje?

Binti wa Ngamiani

—

Marahaba mwanangu, na pole.

Kwanza ujue nani anakujibu. Mimi ni Mkristo, Mwanglikana wa Muheza, nimebatizwa Magila, na upande wa bibi yangu mzaa mama ni Waislamu watupu, kwahiyo nimekulia kwenye nyumba ambazo Idd tunakula kwao na Krismasi wanakula kwetu na kwenye msiba hakuna anayeuliza dini mpaka muda wa kuzika. Nakwambia hivi kwa sababu kwenye barua yako kuna swali ambalo mimi sina haki ya kulijibu. Mwislamu kuingia kanisani au hekaluni kwa ajili ya masomo inafaa au haifai, hilo ni la mashehe wenu, na wenyewe wametofautiana, wapo wanaokataza, wapo wanaoona ni makuruhu, yaani haipendezi, wapo wanaoruhusu kwa masharti. Tafuta sheikh aliyesoma, sio wa kwenye klipu, umweleze kwa ukamilifu kwamba unakwenda kuangalia, husali pamoja nao, hushiriki kitu cha ibada, unarudi kuandika. Usimpe swali nusu, maana ukimuuliza tu "inaruhusiwa kwenda hekaluni?" atakujibu kuhusu mtu anayekwenda kuabudu, na wewe sio huyo.

Tuje kwa mjomba, na naomba usimchukulie kama mtu asiyejua dunia. Watu wa umri wake wameona mengi kwenye nchi hii. Wamekaa kwenye viwanja miaka ya 80 na 90 mihadhara ilipopamba moto, huyu anashika Biblia kuivunja Kurani yule anashika Kurani kuivunja Biblia na spika zimeelekezwa kwa majirani. Wameona mabucha ya nguruwe yanavunjwa Dar mwaka 1993. Wameona Mbagala Oktoba 2012, watoto wawili tu, mmoja Mkristo mmoja Mwislamu, wakabishana kuhusu msahafu, yule wa Kikristo akaukojolea, na siku chache baadaye watu wazima wanachoma makanisa. Geita mwaka 2013 ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja ulifika mpaka kuua mchungaji. Mtu aliyeyaona hayo akiona picha ya mpwa wake hekaluni bila maelezo yoyote hawezi kufikiria asaimenti, anafikiria tunampoteza mtoto. Ile picha itoe kama bado ipo, na kuanzia sasa ibada ya watu usiiweke status, sio kwa sababu ya mjomba peke yake, hata wale waliokukaribisha hawakukukaribisha ili wawe mapambo ya simu yako.

Lakini mwanangu angalia hiyo ya Mbagala vizuri, maana ndo hoja yako kubwa mbele ya mjomba. Pengine hakuna aliyewahi kumwambia yule mtoto wa Kikristo kile kitabu ni nini kwa mwenzie, kwamba Mwislamu hakigusi bila udhu, kwamba kwake yale ni maneno ya Mungu yenyewe. Angekuwa anajua huenda lile jambo lisingefika pale. Wewe unakwenda kuwa mwalimu. Utasimama mbele ya darasa lina watoto wa hao wote, mwenye hijabu na mwenye rozari, na pengine hakuna mtu mwingine kwenye shule nzima atakayeweza kuwaeleza dini ya mwenzao bila kuikejeli. Mwambie mjomba hivyo hivyo.

Na umwambie habari za al-Biruni. Alikuwa Mwislamu, amezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, mwanachuoni wa nyota na hesabu, akafika India wakati wa Sultani Mahmud wa Ghazni. Wakati ule habari za dini ya Wahindu zilizokuwa zinazunguka kwa Waislamu zilikuwa nyingi za kusikia kwa watu, yeye akasema hapana, akajifunza Kisanskriti, akakaa na mapandit, wasomi wa Kihindu, akasoma vitabu vyao, na kwenye mwaka 1030 akatoa kitabu kikubwa kuhusu India ambacho mpaka leo kinasomwa vyuoni. Mwanzoni kabisa anasema kitabu chake sio cha mabishano, anayaweka maneno ya Wahindu kama wenyewe wanavyoyasema, na pale ambapo hakubaliani nayo hafichi. Akaingia kwenye dini ile ndani kuliko wewe utakavyoingia kwa asaimenti kumi, na amekufa Mwislamu. Mimi Mkristo nakwambia habari hizi kwa sababu nilitamani mtu angeniambia mapema kwamba elimu hii ya kusoma dini za wengine kwa uadilifu haikuletwa na Wazungu kwenye vyuo vikuu, mashehe walikuwa wanaifanya miaka elfu iliyopita. Mjomba akisikia kwamba unamfuata al-Biruni atakusikiliza tofauti na akisikia kwamba unamfuata lekchara.

Usiyaongee hayo kwenye simu. Simu na mtu mwenye hasira ni kupoteza salio. Anza na mama, umweleze mpaka aelewe asaimenti ni nini, mwonyeshe daftari lako aone umeandika nini, halafu yeye na wewe mwende kwa mjomba. Kwetu Tanga jambo zito linafikishwa na mtu, wewe unajua.

Sasa la moyoni. Hili ndo nimekaa nalo muda mrefu kuliko yote, na ningekuwa karibu ningekukumbatia kwanza.

Kulikuwa na askofu wa Kilutheri wa Stockholm, Sweden, anaitwa Krister Stendahl. Mwaka 1985 Wamormoni, watu wa kanisa lililoanzia Marekani, walitaka kufungua hekalu lao kule, watu wakapinga sana, yeye ambaye sio Mormoni akasimama kuwatetea, akatoa kanuni tatu. Ukitaka kujua dini ya watu waulize wenyewe, usiwaulize maadui zao. Usichukue zuri la kwako ukalilinganisha na baya la kwao. Na ya tatu ambayo ndo yako wewe, acha nafasi moyoni ya kitu alichokiita wivu mtakatifu, yaani uone kwa mwenzio kitu kizuri ambacho kwenu hakipo au kipo kidogo, ukitamani, na ubaki ulipo. Yeye alibaki Mlutheri mpaka anakufa.

Binti yangu, kusisimka ukisikia sauti nzuri zinamsifu Mungu sio kuritadi. Una masikio na una moyo. Mimi nina miaka mingi kanisani na mpaka leo adhana ya alfajiri inanishika, nikiwa Tanga kwa dada yangu nikaisikia ile ya kwanza kabla mji haujaamka nakaa kitandani nasikiliza mpaka mwisho, na nawaonea wivu kwa kweli, mtu anaacha usingizi wake kila siku ya Mungu kwenda kusimama mbele ya Muumba wake, mara tano kwa siku, wakati sisi wengine Jumapili tu tunachelewa. Wivu huo haujanifanya Mwislamu, umenifanya nianze kuamka kusali asubuhi. Na wewe angalia ulifanya nini baada ya kusisimka, uliswali rakaa mbili. Imani inayoondoka haimpeleki mtu kwenye mswala usiku.

Ila kuna kitu nakuona unacho na lazima nikiseme. Nahisi unajua ya Wahindu na ya Wakatoliki kwa kina cha chuo kikuu na ya kwako kwa kina cha madrasa ya utotoni. Hapo mtu yeyote atayumba, sio kwa sababu dini yake ni dhaifu, ni kwa sababu upande mmoja anajibiwa maswali ya mtu mzima na upande mwingine bado ana majibu ya miaka tisa. Nimewaona vijana wa Kikristo wakitikiswa hivyo hivyo, wanajua katekisimu ya kipaimara halafu wanakutana na mtu aliyeiva. Unahitaji kusoma ya kwako kwa kiwango kile kile, tafsiri ya Kurani, sira ya Mtume, fiqhi yaani sheria za dini, sio kwa sababu za mjomba, kwa sababu zako.

Kile kitu kwenye droo. Kinaitwa prasadi, ni chakula kilichowekwa kwanza mbele ya mungu wao kwenye ibada halafu kinagawiwa kwa watu kama baraka, na kugawiwa mgeni ni ukarimu, hakuwa anakutega. Kwa Mwislamu kula kilichotolewa hivyo ni jambo zito na wengi wenu hawali, muulize sheikh yule yule. Na usidhani ni ninyi peke yenu, swali lako lilisumbua kanisa toka mwanzo, Paulo anawaandikia Wakorintho sura ya 8 mpaka ya 10 ya barua ya kwanza kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu, ile iliyouzwa sokoni wale bila kuuliza, lakini mtu akiwaambia hii imetolewa sadaka basi waiache. Yaani hii ya nani kapika, kachinja kwa jina la nani, nikila nimeshiriki nini, ni ya watu wote wanaokaa pamoja bila kuwa wamoja, na hapa kwetu Wakristo wengi tumekula nyama iliyochinjwa na Mwislamu maisha yetu yote ili jirani naye aweze kukaa mezani, mpaka pale Geita mtu alipoamua isiwe hivyo.

Siku nyingine unaweza kusema kabla hujapewa, ukiweka mkono kifuani, "asante sana mama, imani yangu hainiruhusu kula kilichotoka kwenye ibada, ila nimefurahi kunikaribisha." Wahindu wa Dar wamekaa na Waislamu karne na zaidi, wanaelewa, hakuna atakayenuna. Cha kwenye droo usikitupe kwenye pipa la takataka, kwake ni kitu cha heshima. Rudi kwa yule bibi umuulize kifanywe nini. Utamsikia anachosema na nahisi ukurasa huo utakuwa bora kuliko wote kwenye asaimenti yako. Na kwa Wakatoliki vile vile, ukienda tena usiwe na hofu kwamba utalazimika kupokea kitu, ekaristi ni ya Wakatoliki wenyewe waliojiandaa, hata mimi Mwanglikana nikienda kwao nakaa kwenye benchi wakati wao wanakomunika.

Nimeona pia kwenye orodha ya dini mnazosoma hukutaja za jadi. Kama hazimo ulizia, maana Wamijikenda hapo jirani yenu Kenya wana makaya yao, misitu mitakatifu ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, na pale Mombasa baraza la viongozi wa dini la Pwani lina mashehe, mapadri, wachungaji, Wahindu na wazee wa dini za jadi wanakaa meza moja.

Grupu usilifunge ila lisimamishe.

Kilichowapata ni kwamba mlianza majadiliano mkamalizia na mihadhara, na hivi vitu viwili vinatumia vitabu vile vile lakini havifanani. Kwenye mhadhara unamsoma mwenzio ili umshinde mbele ya watu. Kwenye majadiliano unamsoma ili siku ukimweleza mtu mwingine imani yake, yeye mwenyewe akiwa amekaa pembeni aseme ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini. Huo ndo mtihani. Na kanisa langu lenyewe liliwahi kujaribiwa hapa. Tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka 1923, na aliyeifanya ni padri wa UMCA, misheni yetu ya Kianglikana, Zanzibar, Godfrey Dale. Kazi kubwa ya lugha, sikatai, lakini ilikuwa na maelezo ya mmisionari pembeni na Waislamu wa Pwani wengi hawakuitambua kama yao, na ilikuwa haki yao. Ikaja ya Waahmadiyya, kundi ambalo Waislamu wengi hawalikubali, mwaka 1953, nayo ikapingwa. Mwaka 1969 ndo ikatoka kamili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar na watu wakaishika mpaka leo. Kwahiyo Mkristo wa kwenye grupu lenu akitaka kujua Kurani inasemaje asome ya Sheikh Farsy akiwa na wewe, na wewe ukitaka kujua Utatu ni nini muulize rumeti wako, usimuulize mtu wa kwenye klipu aliyejenga jina kwa kuucheka.

Weka sharti kwamba klipu hazitumwi. Kila mtu anaongelea imani yake tu, ya mwenzie anauliza, haielezi. Na mada ngumu msianze nazo. Kusulubiwa na Utatu hamtapatana, Kurani kwenye Surat An-Nisaa aya ya 157 inasema hawakumsulubu na imani yangu mimi imesimama juu ya msalaba, hapo hakuna katikati na atakayewaambia ipo anawafurahisha tu. Anzeni na kufunga. Miaka hii Ramadhani na Kwaresima zinaangukia pamoja, 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari na Ramadhani ikaanza siku hiyo au ya pili yake kulingana na mwezi ulivyoandama, hosteli moja watu wamefunga kwa sababu mbili tofauti na pengine hamkuulizana hata kidogo. Mkishazoeana kwenye kufunga, kusali, kuzika, kuoa, ndo mtaweza kukaa kwenye ile ngumu mtu akasema mimi naelewa hivi na mwingine akasema mimi hivi, mkaamka bila kununiana. Mwaka 2007 wanazuoni 138 wa Kiislamu waliwaandikia Papa na viongozi wengine wa Kikristo barua ya wazi wakisema mbona kwenye kumpenda Mungu na kumpenda jirani tunaweza kukutana, na hakuna aliyeficha tofauti yake kwenye ile barua. Kila upande una maagizo yake pia, Surat Al-Ankabut aya ya 46 inakataza kujadiliana na Watu wa Kitabu isipokuwa kwa njia iliyo nzuri, na sisi 1 Petro 3:15 inatuambia tumjibu anayeuliza habari za tumaini letu, lakini kwa upole. Ziandikeni zote mbili juu kabisa kwenye maelezo ya grupu.

Ile ya dini ipi ina watu wengi Tanzania futa kabisa. Sensa yetu haijauliza dini toka 1967. Anayewaletea namba ya uhakika kutoka sensa ya karibuni kaitoa kichwani.

Halafu kuna rumeti, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kanisa Katoliki kwenye waraka wa mwaka 1991 liliyagawa majadiliano haya sehemu nne, na la wataalamu kukaa na vitabu ni moja tu kati ya hayo. Liko la kuomba na mambo ya kiroho, liko la kufanya kazi pamoja, na liko la kuishi tu pamoja kama majirani. Wewe unahangaika na lile la vitabu na hili la kuishi limekuvunjikia chumbani. Desemba 2015 basi lilitekwa karibu na Mandera Kenya, wauaji wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo, Waislamu wakakataa wakasema kama ni kuua ueni wote, na wanawake wengine wakawapa wenzao vitambaa vya kichwa wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi pale na akafariki Januari iliyofuata hospitalini. Hakuna mjadala wa Utatu uliofanyika kwenye lile basi. Walisema neno pale lilipohitajika kusemwa. Kwako lilihitajika neno moja kwenye grupu, "huyu ni rafiki yangu, usimwongeleshe hivyo," na bado hujachelewa kulisema. Liseme kwanza kwake uso kwa uso, usijitetee kwamba hukuona, kisha liseme kwenye grupu ukiwa wewe Mwislamu unamwambia Mwislamu mwenzio, maana likitoka kwa Mkristo itakuwa vita tena.

Kozi usibadilishe, na fomu usiichukue hata kwa kujaribu mpaka umeongea na mjomba ana kwa ana. Anza na rumeti leo leo. Sheikh umwone wiki hii ili ukienda nyumbani uwe na jibu la mtu anayeheshimika, mjomba atauliza tu ni sheikh gani kasema. Kisha panda basi uende Tanga wikiendi yoyote kabla mwezi haujaisha. Mwache aseme mpaka amalize, hata akirudia lile la masanamu usimkatishe. Akimaliza mweleze ya al-Biruni na ya kuwa mwalimu, halafu umwombe kitu ambacho hakitegemei, kwamba akutafutie yeye mwenyewe mwalimu wa kukusomesha tafsiri na fiqhi huko Dar, mwanamke kama yupo, jioni mbili kwa wiki, na kila ukija likizo akae akuulize umefika wapi. Hapo atakuwa anakulipia vyote viwili, na swali la kama umepotea atalijibu mwenyewe kila likizo.